Sauti ya Akoo Ina Mwenyewe

Haya niliambiwa na Mama Akpene, jirani yangu wa hapa Madina, Accra, mwaka juzi, wiki ile mvua ilipokatika tukapata kuanika mahindi uani. Yeye aliyapata kwa bintiye Sitsofe, ambaye ndiye yaliyomfika. Nayaweka kama nilivyopewa. Penye chumvi nyingi, chumvi ni ya Mama Akpene.

Sitsofe alikuwa mkuu wa mafundi wa programu katika kampuni ndogo, ghorofani juu ya duka la vitambaa kule Adenta. Mwenye kampuni alikuwa Ayikwei, mtoto wa mtaa wa Teshie, mwenye mashati ya kung'aa na mdomo wa kumtoa nyoka pangoni. Walikuwa wametengeneza programu ya simu wakaiita Akoo, yaani kasuku, maana kazi yake ilikuwa kusema. Mkulima wa kakao asiyejua kusoma anabonyeza, na Akoo anamsomea kwa Kitwi, lugha yake: bei ya leo, dawa ya kupulizia, dalili za mvua. Sauti yenyewe ilikuwa ya mwanamke, nzito kidogo, ya mtu anayekujali lakini hataki mchezo. Wakulima walimpenda mno. Wengine walikuwa wakimsalimu.

Sasa chama kikuu cha wakulima huko Kumasi kilitaka kumchukua Akoo awe wa wanachama wake wote. Mkataba ungetiwa saini Ijumaa. Jumatatu ikaja barua pepe kutoka kwa wakili wa chama, Bi Boahemaa. Alitaka aambiwe kila kipande kilichomo ndani ya Akoo ambacho hawakukiandika wenyewe, kimetoka wapi na kwa masharti gani. Na mkuu wa mafundi atie saini yake kwamba alichosema ni kweli.

Ayikwei aliisoma kwa sauti, akacheka.

"Dada Sitsofe, mwandikie vyote ni vyetu, utie saini, tukale."

"Ngoja nitazame kwanza, bosi."

"Utazame nini? Nyumba umeijenga mwenyewe, halafu unaulizwa choo kiko wapi, unasema ngoja nitazame?"

Sitsofe akarudi mezani kwake, akaufungua msimbo wa Akoo. Msimbo ni yale maandishi ambayo mafundi huiandikia kompyuta ili ijue la kufanya. Juu ya kila faili fundi huweka maneno yasiyo ya kompyuta, ya kusomwa na watu tu: nani ameandika, nani ameruhusiwa, kwa sharti gani. Sitsofe akafungua faili moja, juu peupe. Akafungua la pili, peupe. Yote yalikuwa na vichwa vitupu kama watoto walionyolewa chawa.

Akakumbuka. Zamani Akoo alipokuwa mchanga, simu za wakulima zilikuwa hafifu, hazimbebi. Yeye Sitsofe, kwa mikono yake, aliendesha kile chombo cha kufyeka, ambacho hupita katika msimbo na kung'oa kila neno ambalo kompyuta hailihitaji ili programu iwe nyepesi. Mafundi wote hufanya hivyo. Akoo akapungua, simu zikambeba, watu wakapiga makofi. Lakini kile chombo hakikujua tofauti ya takataka na jina la mtu.

Akafukua nakala ya kwanza kabisa, ya kabla ya kunyoa. Akayakuta. Sehemu ile inayosoma kwa sauti, roho yenyewe ya Akoo, haikuwa yao. Ilikuwa programu huria, ya mtu aitwaye A. Essilfie na wenzake. Masharti yake yalikuwa mafupi: chukua, tumia, badilisha upendavyo, hulipi kitu. Lakini ukimpa mtu mwingine, majina yetu yabaki, na mabadiliko yako uyaweke wazi kwa wote kama sisi tulivyokuwekea wewe. Na ukiishona na msimbo wako ikawa nguo moja, basi nguo nzima iwe wazi.

Na Sitsofe alikuwa ameishona. Kwa uzi mwembamba mzuri, hata mshono hauonekani.

Akaenda kumwambia bosi wake. Ayikwei alikuwa anakula waakye, wali wa kunde.

"Bure ni bure!" akasema. "Wameweka barabarani, tumeokota."

"Hawakuweka barabarani, bosi. Wameweka mezani na wakaandika namna ya kula. Sisi tumekula, tumefuta maandishi, na sasa tunataka kuuza meza."

"Nani atajua?"

"Mimi najua. Na saini inayotakiwa ni yangu."

Ayikwei akaacha kutafuna. Alikuwa na mdomo, lakini hakuwa mjinga. Akauliza mwenye mali akijua itakuwaje. Sitsofe akamwambia: mwenye mali anaweza kwenda mahakamani, Akoo akazuiwa kwenye simu za wanachama wote, chama kikaturudia sisi, nasi hatuna pa kujificha. Na fundi aliyetia saini ya uongo, nani tena atampa kazi?

Bosi akafikiri, akajipangusa mikono. Kisha uso wake ukang'aa kuliko shati lake.

"Huyu Essilfie anakaa wapi?"

"Saltpond, nimemtafuta."

"Basi si mgeni, ni mtu wa hapa hapa! Haya mambo yana njia zake. Tunakwenda kupiga hodi. Mimi nitakuwa mshenga."

"Bosi, huu ni msimbo, si mchumba."

"Kitu cha watu ni kitu cha watu. Tunakwenda na chupa, tunamwomba kiungwana atupe kiwe chetu peke yetu. Babu yangu alipata shamba hivyo."

Jumatano wakaondoka kwa gari la Ayikwei, chupa ya pombe kali imefungwa utepe kwenye kiti cha nyuma. Foleni ya Kasoa ikawala asubuhi yote. Walipofika Saltpond jua lilikuwa limekwisha kuwa kali, Sitsofe ana njaa, Ayikwei bado anafanya mazoezi ya hotuba yake.

Mlango ulifunguliwa na mzee mrefu mwenye fulana na kikoi. Ayikwei hakumpa nafasi hata ya kusalimu sawasawa. Akainama, akaiinua chupa kwa mikono miwili.

"Baba, sisi ni wapita njia. Katika kupita kwetu, tumeona ua zuri ndani ya nyumba yako. Harufu yake imefika Accra. Tumekuja kwa heshima kuliomba, tuondoke nalo."

Yule mzee akaitazama chupa. Akamtazama Ayikwei. Akageuza shingo kutazama ndani, kisha akarudi.

"Kijana, ndani ya nyumba hii yumo mke wangu tu."

"Mke?"

"Tumeoana kabla hujazaliwa. Unamtaka wa nini?"

Ayikwei akaishusha chupa kidogo kidogo. Sitsofe akatamani ardhi ipasuke. Kisha kutoka ndani ikaja sauti ya mwanamke, nzito kidogo, ya mtu anayekujali lakini hataki mchezo:

"Quansah, ni nani hapo mlangoni? Waambie waingie, jua litawapiga."

Sitsofe akainua kichwa. Sauti ile alikuwa ameisikia kila siku ya kazi yake. Aliijua pumzi yake, alijua inapopanda na inaposhuka. Ilikuwa ni Akoo anawakaribisha ndani.

"Akoo!" Ayikwei akanong'ona, akamshika mkono.

"Shh, bosi."

Bibi Araba Essilfie alikuwa mnene, mfupi, miwani kwenye paji la uso na nyingine shingoni. Zamani alisoma habari redioni kwa Kifante na Kitwi. Alipostaafu alijifundisha mambo ya kompyuta kwa ukaidi tu, kwa sababu mpwa wake alimwambia hataweza, na programu aliyoiandika akaipa sauti yake mwenyewe. Mumewe alipomweleza kwamba vijana hawa wamekuja kumposa, alicheka mpaka miwani ya paji ikaangukia ya shingoni.

"Jamani! Na chupa wameleta! Quansah, leo lazima unijibie vizuri."

Sitsofe akaona hapa maneno ya kuzunguka hayafai. Akasema yote: jinsi walivyoichukua sauti, jinsi alivyolinyoa jina, na saini ya Ijumaa. Hakumtaja bosi popote. Alisema ni mimi.

Kicheko kikakatika. Bibi Araba akairudisha miwani kwenye paji.

"Kwa hiyo ua mlilichuma zamani," akasema, "mkalipanda kwenu, mkalivunia mbegu, na leo ndiyo hodi?"

"Ndiyo, mama."

"Hodi yenu inatembea kwa magongo."

Ayikwei akajitia kati. "Mama, tusirefushe. Sema unachotaka. Tuuzie, iwe yetu peke yetu, jina lako tutalihifadhi moyoni."

"Moyoni!" Bibi Araba akamgeukia mumewe. "Umesikia? Jina langu liwekwe mahali pasipo na dirisha." Kisha kwa Ayikwei: "Mwanangu, hata nikitaka siwezi. Huyu binti ana baba wengi. Yuko mvulana wa Tamale aliyeandika namna ya kuvuta pumzi. Yuko muuguzi wetu mmoja huko Hamburg, huyo ndiye kaifundisha kusoma tarakimu. Wako mapacha wa Takoradi, tuligombana, mpaka leo hatusemezani, lakini kipande chao kimo na ni chao. Nitakuuziaje cha mapacha? Wataniua."

"Sasa tufanyeje?" Sitsofe akauliza.

"Masharti umeyasoma au uliyanyoa kabla ya kusoma?"

"Nimeyasoma. Jumatatu."

"Haya basi. Yanasema aliyekosa akirekebisha upesi, haki yake inarudi. Mimi sitaki mahakama, mahakamani nitavaa nini? Nataka majina yetu yarudi, langu na ya wenzangu wote, hata ya wale mapacha. Na nataka mlichobadilisha mkiweke wazi. Hebu kwanza nisikie mmemfanya nini."

Sitsofe akatoa simu, akabonyeza. Akoo akasoma bei za miji: Bekwai, Goaso, Sefwi Wiawso. Bibi Araba alikaa akijisikiliza mwenyewe, kichwa kimeinama kama kuku anayesikia mwewe. Ilipofika Wiawso akanyoosha kidole.

"Rudia."

Akoo akarudia.

"Quansah! Amesema Wiawso!"

"Nimesikia."

"Miaka nahangaika na Wiawso! Mimi nikiisema inatoka, programu ikiisema utadhani mbuzi amekwamwa na mfupa!" Akamshika Sitsofe bega. "Nani amefanya hivi?"

"Mimi, mama. Nilikaa nayo karibu mwaka. Nilikwenda vijijini kusikiliza watu wanavyotaja kwao."

"Na ukaficha! Huna haya! Kaa hapa, nionyeshe."

Basi ndiyo ikawa. Wanawake wawili wakainamia kompyuta wakipigana vijembe kuhusu sauti za juu na za chini, na Mzee Quansah, kwa kuwa hodi ni hodi, akaifungua chupa, akamwaga tone kwa waliotangulia, akamimina. Sitsofe akauliza jambo lililokuwa likimsumbua tangu Jumatatu. Je, akiufumua ule mshono? Sauti ikasimama peke yake kama programu kamili, iko wazi pamoja na yote aliyoiongezea, halafu ile sehemu yao nyingine, ya bei na mashamba, iwe inamwomba tu, kwa mbali, nisomee hiki?

"Kama majirani wawili," Bibi Araba akasema, "kila mmoja na paa lake. Hapo mimi sina neno. Lakini mimi ni msoma habari, muulize wakili wako."

Njiani kurudi, walipofika Winneba, Ayikwei alipunguza mwendo. Kisha akasema kwa sauti laini, ile anayoitumia kwa wateja:

"Yamekwisha vizuri. Mama ametupenda. Sasa Ijumaa tunatia saini, halafu taratibu, mwezi ujao, unafumua huo mshono wako. Wakili hana haja ya kujua."

"Karatasi haisemi mwezi ujao, bosi. Inasema leo vyote ni halali. Leo si halali."

"Sitsofe! Wakijua wataondoka! Mishahara ya watu iko pale!"

"Na wangu umo."

"Basi," akasema, na laini yote ikaisha, "usiposaini wewe atasaini mwingine. Na atakayesaini ndiye atakayekalia kiti chako."

Sitsofe alitazama nje, wauza mkate wakikimbia na madirisha ya magari.

Jioni ile alipita kwa mama yake. Mama Akpene anasema alimjua ana jambo tangu anavua viatu. Akamwekea banku, ugali wa mahindi yaliyochachuka, na supu ya bamia, mtoto hakugusa. Akamweleza. Mama Akpene haelewi kompyuta, anaelewa sufuria.

"Yaani ni kama yale masufuria ya kanisa, ya kupikia misibani," akasema. "Mtu yeyote anaazima, halipi. Lakini chini yameandikwa jina la kanisa."

"Ndiyo, mama. Mimi nimelikwangua jina. Na bosi anataka nimwambie mnunuzi sufuria ni letu."

"Na usiposema hivyo unafukuzwa."

"Ndiyo."

Mama Akpene akachovya banku yake. "Kwani kazi ulizaliwa nayo? Mimi nimekuzaa una vidole kumi tu. Kula."

Sitsofe akacheka, akala. Kisha pale pale, mkono mmoja una bamia, akaandika kwa Bi Boahemaa. Aliandika kipande kisicho chao ni kipi, cha nani, kwa masharti gani. Kwamba masharti yalivunjwa na aliyeyavunja ni yeye. Kwamba mwenyewe ameonwa na amesema nini. Na kwamba kufumua kutahitaji wiki kadhaa, hivyo Ijumaa hawezi kutia saini. Nakala akampelekea Ayikwei. Simu ikaanza kulia kabla hajanawa mikono. Akaizima.

Ijumaa alikwenda kazini na mfuko mtupu, wa kuwekea vitu vyake. Alimkuta Bi Boahemaa ameshafika, ameketi kwenye kiti cha Sitsofe, kile bosi alichotishia kumpa mwingine, mwembamba, viatu vya mpira, anakunywa maji. Ayikwei kasimama dirishani kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali.

"Nani ameandika hii?" wakili akauliza, akiinua simu.

"Mimi, mama."

"Bosi wako ananiambia mliandika pamoja."

Sitsofe akamtazama Ayikwei. Ayikwei akaitazama dari.

"Vidole ni vyangu," Sitsofe akasema.

"Nimefikiri hivyo." Bi Boahemaa akaweka simu mezani. "Mwezi huu nimezisoma kampuni nyingine zilizotaka kazi hii. Zote zimeniandikia vyote ni vyetu. Vyote! Nikajiuliza, hawa wamechimba chuma wenyewe wakatengeneza na msumari? Hakuna programu isiyo na kipande cha mwenzake. Asemaye hana, ama hajui kilichomo ndani mwake ama anajua na anaficha. Wa kwanza ananitisha kuliko wa pili."

"Kwa hiyo unasaini?" Ayikwei akaruka.

"Leo? Nina wazimu? Mmefanya kosa, kosa lipo." Akaanza kukunja vidole. Fumueni. Majina yarudi mahali mtu anaweza kuyaona, si kwenye kona ya giza. Mabadiliko yawekwe wazi. Na huyo mama wa Saltpond aniandikie kwamba mmerudishiwa haki. "Nikiyaona hayo nitakuja na kalamu. Na ile ahadi ya mkataba kwamba Akoo atakuwa wa chama peke yake inafutwa. Sauti haitakuwa ya chama peke yake, wala yenu."

"Wakubwa wako watakubali?" Sitsofe akauliza. Hilo ndilo lililomtia hofu zaidi.

"Watafoka. Lakini wanachama wangu wameshazika kampuni nyingi. Kampuni inakufa, programu inakufa, mkulima anabaki na simu bubu. Hii sauti ikiwa wazi, hata ninyi mkifa tutapata fundi mwingine wa kuitunza."

"Tusife, mama," Ayikwei akasema. "Tuko hai kabisa."

"Basi fanyeni kazi."

Alipoteremka ngazi, bosi na fundi wakabaki. Ayikwei akauona ule mfuko mtupu.

"Wa nini huo?"

"Wa kuwekea vikombe vyangu."

Akajikuna shingo. "Rudisha vikombe," akasema. "Nani atafumua? Mimi?" Kisha: "Lakini kunipelekea nakala usiku vile, Sitsofe, nilitapika."

"Pole, bosi."

"Pole yako ihifadhi moyoni."

Wakafumua. Ilikuwa kazi ya kuumiza mgongo, maana mshono wa fundi mzuri ni mgumu kufumua kuliko wa fundi mbaya. Wakafumua hadi Pasaka ikapita. Bibi Araba alipiga simu kila mara, mara kusahihisha, mara kulalamika kwamba jina lake limewekwa chini ya mapacha. Sitsofe akamweleza kwamba yamepangwa kwa herufi. Akasema hata herufi zina ubaguzi. Lakini barua akaandika, na mwishoni akaongeza kwamba Sitsofe sasa ni mmoja wa wenye sauti, jina lake liingie na yeye. Siku lilipowekwa wazi lile suluhisho la Wiawso, yule mvulana wa Tamale alilichukua akalifanyia Kidagbani, na wale mapacha wakatuma neno moja tu: sawa. Bibi Araba akasema huo ndio upatanisho mrefu kuliko wote aliowahi kuupata kwao.

Bi Boahemaa akaja na kalamu. Sitsofe akasoma karatasi nzima, neno kwa neno, akatia saini yake. Ayikwei naye akaweka yake kubwa yenye mikia, akaanza hotuba kuhusu ukweli kama nguzo ya kampuni yake, na watu wakaondoka mmoja mmoja kabla hajafika nguzo ya pili.

Sitsofe akaja moja kwa moja Madina. Mama Akpene alikuwa ametwanga fufu ya muhogo, na supu nyepesi ya mbuzi, kali ya kutoa machozi. Binti akala yote, akaomba tena, akala. Kisha akajinyoosha kwenye mkeka pale barazani kwenye upepo, mchana ule ule na nguo za kazini, akiwa bado anasema neno fulani kuhusu herufi, na neno likakatikia katikati. Mama Akpene akamvua viatu, akamfukuzia inzi kwa upepeo wa mkono. Akaketi karibu yake amngoje aamke amsimulie vizuri. Upepo ukapungua, upepeo ukalala magotini, na mama naye, kidevu kikishuka polepole kifuani, akasinzia.